NCHI YENYE WATU WACHACHE SI NCHI TUPU

Mazungumzo juu ya Wilaya ya Ngorongoro na fundisho lake kwetu, yaliyotolewa mbele ya viongozi wa walei na wanajumuiya wa Bugwema



Mmeniomba nizungumze juu ya haki ya ardhi. Ningeweza kuanza na vifungu vya sheria, lakini nimeona ni afadhali kwanza tuitazame nchi ya jirani zetu, kisha tujitazame wenyewe. Jirani ninaowasema ni watu wa Wilaya ya Ngorongoro, mkoani Arusha, ambayo inapakana na mkoa wetu wa Mara kwa upande wa mashariki, ng'ambo ya mbuga za Serengeti. Wengi wetu tuliisikia wilaya hiyo mwaka 2011, maelfu ya watu walipomiminika kijijini Samunge kwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri, marehemu Ambilikile Mwasapile, kunywa kikombe chake. Waliorudi walisimulia safari ya siku nyingi katika nchi wasiyoona nyumba. Walisema, "Kule ni pori tupu." Juu ya neno hilo, "tupu", ndipo nataka kuweka mazungumzo yetu ya leo.

1. Nchi yenyewe

Wilaya ya Ngorongoro ina ukubwa wa kilomita za mraba 14,036, nayo imegawanyika katika tarafa tatu: Ngorongoro, Loliondo na Sale. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu 273,549. Maana yake ni kwamba kila kilomita ya mraba haifikii watu 20. Kwetu Mara, sensa hiyohiyo ilihesabu watu 2,372,015, na hata tukiijumlisha sehemu kubwa ya Hifadhi ya Serengeti iliyo mkoani mwetu, bado tunapata zaidi ya watu 100 kwa kila kilomita ya mraba ya nchi kavu. Ndiyo maana msafiri wa Mara, akifika kule, huona upweke.

Ni nchi ya milima. Mlima Lolmalasin unapita mita 3,600 na ni miongoni mwa milima mirefu kabisa ya Tanzania. Ol Doinyo Lengai, ambao Wamasai huuita Mlima wa Mungu, ni volkano hai. Ulilipuka kwa nguvu katika miaka ya 2007 na 2008. Kreta ya Ngorongoro, yenye kina cha mita zipatazo 600 na sakafu ya kilomita za mraba karibu 260, ni mlima wa kale uliobomokea ndani. Majivu ya volkano hizo yalipeperushwa na upepo hadi nyanda za chini, yakaota majani mafupi yenye rutuba ambayo nyumbu huyafuata kila mwaka wakati wa masika.

Wakazi wengi ni Wamasai, wafugaji wa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Upande wa Ziwa Eyasi wapo Wadatoga, ndugu wa Wataturu tunaowafahamu hapa Mara; hao walikaa ndani ya kreta kabla ya Wamasai, na makaburi ya wazee wao yangali humo. Katika Tarafa ya Sale wapo Wasonjo, yaani Wabatemi, wakulima ambao kwa vizazi vingi wamemwagilia mashamba yao kwa mifereji inayosimamiwa na mabaraza ya wazee. Baadhi ya masimulizi ya wazee wa Ikoma yanawaunganisha na Wasonjo kwa asili. Kwa hiyo hatuzungumzi juu ya wageni.

Kanisa nalo lipo. Katika miaka ya 1960 Padre Vincent Donovan, Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu, alitembea boma kwa boma huko Loliondo akiwafundisha Wamasai Injili chini ya miti. Hospitali za Wasso na Endulen, zilizoanzishwa kwa juhudi za Padre Herbert Watschinger, padre na daktari kutoka Austria, zimewahudumia wafugaji kwa miongo mingi chini ya Jimbo Kuu la Arusha. Mahali penye kanisa, hospitali, makaburi na mifereji ya maji, je, panaweza kuitwa patupu?

2. Kwa nini watu wanaonekana wachache

Sababu ya kwanza ni ya kihistoria. Mwaka 1892 Oscar Baumann, mpelelezi Mwaustria, alifika Ngorongoro, akawakuta Wamasai waliokonda kama mifupa wakiomba chakula. Ugonjwa wa sotoka ulikuwa umepita na kuua karibu ng'ombe wote. Ukaja ukame, ikaja ndui, na watu wengi wakafa au wakatawanyika. Upande wetu wa magharibi hali haikuwa tofauti: mahali ng'ombe na watu walipotoweka vichaka viliota upya, mbung'o wakaingia, na malale yakafuata. Wazungu waliokuja baadaye, wakaona mbuga zisizo na watu, walidhani ndivyo zilivyoumbwa. Kumbe waliona nyumba iliyofiwa, wakasema haina mwenyewe. Haukupita muda mrefu, ndugu wawili Wajerumani wa ukoo wa Siedentopf wakajitwalia mashamba ndani ya kreta.

Sababu ya pili ni ya kiufundi, nayo naomba tuielewe vizuri. Mfugaji wa nchi kavu hakai mahali pamoja, kwa kuwa majani hayaoti mahali pamoja. Wakati wa mvua hutumia nyanda za chini. Wakati wa kiangazi hupanda milimani, ambako ukungu na chemchemi huhifadhi ubichi. Karibu na boma hutenga malisho ya ndama na ya ng'ombe wagonjwa, yanayoitwa alalili, ambayo hayaguswi mpaka wakati wake. Jirani zetu Wasukuma wana desturi ileile, nao huiita ngitili. Mgeni akipita wakati majani hayo yamepumzishwa huona eneo lisilotumika. Mwenyeji huona akiba.

Tena kuna suala la nyumbu. Kuanzia Januari hadi Machi nyumbu huzaa kwa wingi katika nyanda za majani mafupi. Ndama wa nyumbu hubeba kirusi kisichomdhuru yeye, lakini kikimpata ng'ombe humwua, na hakuna dawa ya kumponya. Kwa sababu hiyo wafugaji huondoa ng'ombe wao katika nyanda zile wakati majani yake ni matamu kuliko yote, wakawaachia nyumbu. Huwapeleka milimani, ambako kupe ni wengi na ndigana kali huua ndama. Mfugaji hupima hatari mbili na kuchagua iliyo ndogo. Akizuiwa kupanda mlimani, au akizuiwa kushuka bondeni, hesabu yake yote huharibika. Nyumbu na ng'ombe wameishi katika nchi moja kwa kupishana kwa majira, na kupishana huko kunahitaji nafasi.

Basi, uchache wa watu katika nchi ya namna hii ndiyo namna yenyewe ya kuitumia. Jembe huacha alama ambayo kila mpita njia huiona. Kwato huacha alama ambayo mvua moja huifuta.

3. Ahadi na mipaka

Serengeti ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwanzoni eneo la Ngorongoro lilikuwa ndani yake. Wamasai walikuwa wakiishi humo, na mgogoro ukaanza mara. Mwaka 1958 wazee 12 wa Kimasai walitia sahihi na alama zao katika hati iliyotungwa na maofisa wa serikali ya kikoloni, wakikubali kuondoka Serengeti. Mwaka 1959 hifadhi iligawanywa. Serengeti ikabaki ya wanyama peke yao. Ngorongoro, yenye kilomita za mraba 8,292, ikawa eneo la matumizi mseto, ambamo watu, mifugo na wanyamapori wangeishi pamoja. Mwezi Agosti mwaka huo Gavana Richard Turnbull aliwaahidi Wamasai barazani kwamba masilahi ya watu yakigongana na ya wanyama katika eneo hilo, ya watu yatatangulia.

Sheria ya watu wa Mara haikuwa laini kuliko hiyo. Familia za Ikoma na za makabila mengine ya magharibi mwa Serengeti nazo zilipoteza mawindo, malisho na makazi ya mababu mipaka ilipowekwa. Mwaka 1994 yakatangazwa mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo. Vidonda hivyo wazee wetu wanavijua.

Ahadi ya mwaka 1959 iliendeleaje? Mwaka 1974 wakazi wa ndani ya kreta waliondolewa. Mwaka 1975 kilimo kilipigwa marufuku katika eneo lote la hifadhi, hata bustani ya mama. Mwaka 1979 Ngorongoro iliandikwa katika Urithi wa Dunia. Mwaka 1992, baada ya njaa, Waziri Mkuu wa wakati huo, Ndugu John Malecela, aliruhusu kilimo kidogo cha chakula. Mwaka 2009 ruhusa hiyo ikafutwa. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe kwa ukame hakuwa na jembe la kumwokoa.

Palikuwa pia na jaribio la kumgeuza mfugaji awe na ranchi. Sheria ya mwaka 1964 iliruhusu vyama vya wafugaji kupewa eneo lenye mipaka, na katika miaka ya 1970 Marekani ilisaidia mradi mkubwa wa malisho katika nchi ya Wamasai. Majosho na malambo yalichimbwa, na baadhi yaliwafaa watu. Lakini mipaka ya ranchi haikufuata mvua, na vyama vingi havikudumu. Huko Kenya, sheria ya mwaka 1968 ilianzisha ranchi za vikundi. Baadaye nyingi ziligawanywa vipande vya mtu mmoja mmoja, vipande vikauzwa, na ng'ombe wakakosa njia. Ranchi yenye uzio ni mali nzuri mahali penye mvua ya kutosha. Penye mvua ya kubahatisha, uzio hufunga njaa ndani.

4. Yaliyotokea karibuni

Katika Tarafa ya Loliondo, kitalu cha uwindaji kilipewa kampuni ya kutoka Falme za Kiarabu mwaka 1992, juu ya ardhi ambayo vijiji viliihesabu kuwa yake. Mwaka 2009, na tena mwaka 2017, maboma yalichomwa moto katika operesheni za kuwaondoa wafugaji. Mwezi Juni 2022 vigingi viliwekwa kuzunguka kilomita za mraba 1,500, na eneo hilo likatengwa kwa wanyamapori. Katika vurugu za siku zile askari polisi mmoja aliuawa, wananchi walijeruhiwa, na wengine walikimbilia Kenya. Tuwaombee wote: aliyekufa akiwa kazini, na waliopoteza malisho.

Wakazi walikwenda mahakamani. Mwezi Septemba 2022 Mahakama ya Afrika Mashariki iliyatupa madai yao. Mwezi Novemba 2023 kitengo cha rufani cha mahakama hiyo kiliitengua hukumu ile na kuagiza shauri lisikilizwe upya. Nataka mlitambue jambo hilo: watu walioshindwa hawakushika mikuki, walikata rufani.

Katika Tarafa ya Ngorongoro, Serikali ilieleza kwamba watu waliokuwa wapatao 8,000 mwaka 1959 sasa wamepita 100,000, kwamba mifugo imeongezeka na ikolojia imo hatarini. Kuanzia mwaka 2022 familia zilihamishiwa Msomera, wilayani Handeni, mkoani Tanga, zikapewa nyumba na mashamba. Serikali ilisema uhamaji ni wa hiari. Wakazi wengi waliobaki walilalamika kwamba huduma zimepunguzwa ili wachoke wenyewe. Huko Msomera nako wapo wenyeji waliolia kwamba ardhi waliyopewa wageni ilikuwa yao. Tazameni, ndugu zangu, jinsi neno "tupu" linavyosafiri: mtu huondolewa penye kuitwa pori, akapelekwa pengine palipoitwa pori, kumbe napo pana wenyewe.

Mwezi Agosti 2024 lilitoka tangazo la kufuta kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 vya tarafa hiyo. Kwa karatasi moja, watu wasingekuwa na mwenyekiti wa kijiji wala mahali pa kupigia kura. Maelfu walikusanyika barabarani kwa amani, wanaume kwa wanawake. Mahakama Kuu mjini Arusha ikasimamisha tangazo hilo, na Serikali ikatamka kuwa vijiji vitaendelea kuwepo. Mwezi Desemba 2024 Rais alikutana na viongozi wa Kimasai mjini Arusha akaahidi kuunda tume mbili, moja juu ya ardhi na nyingine juu ya uhamaji.

Wala tusidhani kwamba hayo ni ya Ngorongoro tu. Nyatwali, wilayani Bunda, kando ya Ghuba ya Speke, ni karibu nasi. Wananchi wa huko nao walitakiwa kuhama katika miaka hii ya 2020 ili wanyama wa Serengeti wapate njia ya kufika ziwani.

5. Tuwe wakweli kwa pande zote

Tume ya Haki na Amani haiwezi kusema ukweli wa upande mmoja. Wanyama wa Serengeti na Ngorongoro ni kazi ya mikono ya Mungu, na nchi yetu ilikwisha kuahidi kuwatunza. Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Butiama, alitoa tamko juu ya jambo hilo mjini Arusha mwezi Septemba 1961, hata kabla ya Uhuru. Fedha za watalii hujenga barabara na zahanati. Watu wameongezeka kweli, na ng'ombe wasiohesabiwa wanaweza kumaliza majani. Atakayewaambia kwamba hakuna tatizo anawadanganya.

Vilevile dhambi si ya wakubwa peke yao. Wizi wa mifugo umeua vijana wetu wa Mara na wa jirani zetu. Huko Loliondo Wasonjo na Wamasai wamewahi kumwaga damu kwa kugombea mipaka na malisho. Katika maboma mengi, na katika miji yetu pia, mama hukamua ng'ombe miaka yote, lakini siku mume anapofariki huambiwa hana hata ndama. Anayedai haki serikalini na kuinyima nyumbani anadai kwa mdomo mmoja tu.

Lakini ukweli huo haufuti ule wa kwanza. Ikiwa watu wamezidi, wakae mezani na kuhesabu pamoja na wenzao. Mtu anayeamuliwa bila kuulizwa amefanywa kuwa sehemu ya mandhari.

6. Kanisa linafundisha nini

Maandiko Matakatifu yanajua ugomvi wa malisho. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 13, wachungaji wa Abramu na wa Loti waligombana kwa kuwa nchi haikuwatosha. Abramu ndiye aliyekuwa mkubwa, lakini alimpa mdogo nafasi ya kuchagua kwanza. Katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 21, mfalme Ahabu alimpa Nabothi bei nzuri kwa shamba lake, hata shamba jingine lililo bora. Nabothi alikataa, kwa sababu ule ulikuwa urithi wa baba zake. Kosa la Ahabu halikuanza siku Nabothi alipopigwa mawe. Lilianza alipodhani kwamba kila kitu kina bei, na kwamba anayekataa bei ni adui.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, unafundisha kwamba mali za dunia zimekusudiwa kwa watu wote, na unatambua desturi za jamii zinazomiliki mali kwa pamoja. Papa Paulo wa Sita, katika Populorum Progressio ya mwaka 1967, alikubali kwamba masilahi ya wote yanaweza kudai ardhi fulani itwaliwe. Kwa hiyo Kanisa halisemi kwamba Serikali haiwezi kamwe kutwaa ardhi. Linauliza: ni masilahi ya nani, na nani amekaa mezani? Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, alisema jamii za wenyeji ziwe washiriki wakuu wa mazungumzo kila mradi mkubwa unapogusa ardhi yao, kwa kuwa kwao ardhi ni zawadi ya Mungu na ya wahenga waliolala humo.

7. Sisi wa Bugwema

Sasa nigeukie bonde letu. Bonde la Bugwema ni pana na tambarare, lina udongo mzuri, na ziwa halipo mbali. Tunalima mihogo, mtama, mpunga na pamba. Na baada ya mavuno tunafungulia ng'ombe. Kwa miaka mingi kumezungumzwa kilimo kikubwa cha umwagiliaji hapa. Mimi siupingi. Maji mashambani ni baraka, nao Wasonjo ni mashahidi. Swali langu ni moja: siku bonde litakapopimwa, yale machungio yetu, mapito ya ng'ombe kwenda ziwani, na vile vilima tunavyokata kuni, vitaandikwa nini katika ramani? Malisho, au pori?

Sheria inafanya swali hilo kuwa zito. Baada ya Tume ya Rais ya Ardhi iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji kuanzia mwaka 1991, na Sera ya Ardhi ya mwaka 1995, Bunge lilitunga sheria mbili mwaka 1999: Sheria ya Ardhi, Namba 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5. Sheria ya Vijiji inasema ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji kama mdhamini wa wanakijiji, naye mdhamini hutoa hesabu mbele ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Lakini Sheria ya Ardhi, inapoeleza ardhi ya jumla, ambayo iko chini ya Kamishna, imeingiza humo hata ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Someni maneno hayo polepole: isiyokaliwa, au isiyotumika. Machungio yaliyopumzishwa hayakaliwi na mtu. Nani ataamua kwamba hayatumiki? Hapo ndipo Ngorongoro inapotufundisha.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo nawaomba viongozi wa walei, mkiwa raia kama wengine wote, mfanye yafuatayo.

Kwanza, ulizeni katika Mkutano Mkuu wa Kijiji kama kijiji chenu kina Cheti cha Ardhi ya Kijiji, na kama mipaka yake imepimwa. Kama hakipo, jambo hilo liandikwe katika muhtasari wa mkutano.

Pili, dai liwe mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji, na ndani yake malisho, mapito ya mifugo, maji na misitu viandikwe kwa majina yake. Wilayani Kiteto, vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha malisho yao katika mpango wa pamoja, wakayaita Olengapa, kwa herufi za majina ya vijiji hivyo. Ng'ombe hajui mpaka wa kijiji. Kwa hiyo vijiji jirani vijuane. Tena sheria inaruhusu kundi la watu kupewa hati ya hakimiliki ya kimila, kwa hiyo malisho ya pamoja yanaweza kuwa na hati kama shamba la mtu mmoja.

Tatu, mjue utaratibu wa kuhamisha ardhi ya kijiji. Ikiwa Serikali inataka ardhi kwa manufaa ya umma, lazima taarifa itangazwe, ipelekwe kijijini, na wananchi wasikilizwe. Eneo likiwa chini ya hekta 250, Mkutano Mkuu wenyewe ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, wananchi hutoa maoni yao, na Waziri huamua. Fidia nayo ijadiliwe kabla, wala si baada ya trekta kupita. Mtu asitie sahihi hati asiyosomewa kwa lugha anayoielewa. Wale wazee 12 wa mwaka 1958 wawe ukumbusho kwetu.

Nne, Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na sheria inataka watatu kati yao wawe wanawake. Je, la kwenu lina hao watatu, nao husema, au hukaa tu? Sheria hiyohiyo inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi.

Tano, tusiuze machungio kwa siri. Ahabu hawezi kuingia shambani mpaka apate wazee wa mji watakaomsaidia. Mara nyingi anayekiita kipande cha kijiji "pori" kwa mara ya kwanza si mgeni. Ni mjumbe wetu mwenyewe aliyeahidiwa kitu.

Ndugu wapendwa, mtu wa Ngorongoro na mtu wa Bugwema wanafanana kwa jambo moja: wote wawili wanategemea ardhi ambayo mgeni akiitazama haoni kitu. Kazi ya kuionyesha ni yetu, kwa kuisema mkutanoni, kuiandika katika daftari, na kuitunza isichakae. Na tunapowaombea ndugu zetu wa Loliondo, Endulen, Msomera na Nyatwali, tuwataje kwa majina ya mahali pao, maana hapo kuna watu.



Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya Ndogondogo

1. Ni sehemu zipi za kijiji chetu zinazoitwa "pori"? Nani huzitumia, wakati gani wa mwaka, na kwa kazi gani?

2. Someni Mwanzo 13:1-12. Wakulima na wafugaji wa kwetu wanapogombana, nani hapa ndiye mkubwa anayepaswa kumpa mwenzake nafasi ya kuchagua?

3. Je, kijiji chetu kina cheti, mpango wa matumizi ya ardhi na daftari? Nani katika jumuiya yetu atakwenda kuuliza, na atatuletea jibu lini?

4. Mjane wa jumuiya yetu akidhulumiwa shamba au ng'ombe, tumpeleke kwa nani, na nani atafuatana naye?

5. Tunaweza kuwatunza wanyama na misitu aliyotupa Mungu bila kumfukuza jirani? Tutoe mfano mmoja kutoka hapahapa kwetu.